Ndoo ya Mayu Nkwimba

Bariadi, Jumapili, saa tisa alasiri

Kabula mwanangu,

Asubuhi uliniuliza kwa nini kati ya begi lako jeusi na kiroba cha michembe ya viazi kuna ndoo ya bluu iliyofungwa kwa kamba ya katani, nikakujibu kwamba ni hadithi ndefu. Ukasema kondakta atacheka. Ni kweli, atacheka. Hatakuwa wa kwanza kuicheka ndoo hiyo, na mmoja wa waliomtangulia aliishia kusaini karatasi mbele ya ndoo hiyo hiyo.

Umekwenda kuwaaga shangazi zako, na kwa kuwa nawajua, hutarudi kabla ya giza. Nina muda. Mambo ya sweta, maji ya kuchemsha, nauli ya akiba na wanaume wa Dodoma ameshakuandikia mama yako. Nimeziona kurasa zake, ni nne, na ameweka namba. Sina la kuongeza. Mimi nataka kukueleza kosa. Nimefanya makosa mengi katika kazi hii ya uandishi, lakini mengine yote nilikwenda kuyafuata. Hili lilikuja lenyewe hadi barazani kwangu, likaketi, likaomba chai.

Siku chache zilizopita ulinionyesha karatasi utakayoisoma mbele ya wenzako wapya, ile ya haki za wanawake katika huduma za uzazi. Nimeisoma mara mbili. Imeandikwa vizuri kuliko nyingi zinazopita mezani kwangu. Katika ukurasa wa kwanza umeandika kwamba shirika lenu litakuwa sauti ya wanawake wasio na sauti. Nilipofika hapo nikaiweka chini, nikaenda kunywa maji. Maneno hayo hayo niliyasema mimi redioni ulipokuwa darasa la pili.

Mwaka ule mkoa wetu ulikuwa mchanga. Kila nyumba yenye bati jipya hapa mjini ilikuwa ofisi ya mtu, na maofisa waliohamishiwa huku walikuwa wanauliza njia kwa wauza mahindi ya kuchoma. Mimi nilikuwa na kinasa sauti, pikipiki na imani kubwa juu yangu mwenyewe. Nikapata fununu kwamba katika zahanati ya kijiji fulani mjamzito haingii chumba cha kujifungulia bila kuja na ndoo ya maji. Jina la kijiji silitaji. Nilishalitaja vya kutosha.

Nikaenda. Nikawakuta wanawake watatu wanakuja kliniki, matumbo yakiwa mbele na ndoo zikiwa juu. Mlangoni alisimama Nesi Felista, mtu wa Songea, mwembamba, mwenye sauti ya kengele ya shule. Akamwambia mwingine aliyekuja mikono mitupu, "Hakuna ndoo, hakuna huduma." Kinasa sauti changu kilikuwa kimeshawashwa. Ilikuwa sentensi nzuri. Mwandishi akipata sentensi kama ile huacha kutafuta nyingine.

Pale pale nikaambiwa habari ya Mbuke. Wiki iliyotangulia alifika uchungu umemshika, hana ndoo, akarudishwa kuchota, na akajifungua njiani, pembeni mwa shamba la pamba. Mama na mtoto walikuwa wazima. Nikaenda kwake. Nikaandika jina lake, la mumewe na la kitongoji. Nikamuuliza alijisikiaje. Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia ndama aliyeingia jikoni.

"Nilijisikia kuzaa," akasema.

Nilikaa kijijini kwa dakika arobaini. Katika dakika hizo sikumuuliza nesi yeye mwenyewe maji anayatoa wapi, na sikumuuliza mwanamke hata mmoja anataka nini kifanyike. Nilikuwa na habari tayari, na jua lilikuwa kali.

Tuliirusha habari ile mara tatu. Nilisema ni kilio cha wanawake wasio na sauti. Nilimtaja nesi kwa jina lake lote, na la Mbuke pia. Kabla ya wiki kwisha Nesi Felista alikuwa amehamishwa. Ofisini walinipongeza, nikanunua soda za watu wote. Mama yako peke yake hakunipongeza. Alikuwa anachambua majani ya nsansa. Akauliza, "Na sasa nani anazalisha?"

Nikamwambia Serikali italeta mwingine. Nilisema kama mtu aliyemwona huyo mwingine anafunga mizigo.

Hakuletwa mtu. Wiki ya tatu, Jumamosi asubuhi, nilikuwa nyuma ya nyumba nafungua kabureta ya pikipiki, nikasikia lori la pamba limesimama barabarani. Halafu nikasikia mtu anasalimia. "Mwangaluka!" Nilidhani anamsalimia mtu wa mtaa wa pili. Nilipozunguka mbele, nilimkuta Mayu Nkwimba, Mama Nkwimba kwa Kiswahili chenu cha mjini.

Unamjua sasa, amekonda na anatumia fimbo. Wakati ule alikuwa mwanamke wa miaka kama sitini, mpana, na alitembea kama mtu anayekwenda kurudisha kitu kibovu dukani. Alikuwa mama mkwe wa Mbuke. Nyuma yake alikuwepo Mbuke na mtoto mgongoni, kisha wajawazito watatu, wa mbele yao Limi, tumbo lake likiwa limeshuka kabisa. Kila mmoja alibeba beseni, kanga, mpira wa kujifungulia, na ndoo ya maji imejaa, juu yake yameelea majani ili yasimwagike. Maji waliyatoa kijijini. Walikuwa wamekaa juu ya robota za pamba wakiyashikilia njia nzima.

"Wewe ndiye wa redio?" akaniuliza.

"Ndiye mimi, mayu. Karibuni."

"Tumeshakaribia. Tumekuja kuzaa."

Nikamwonyesha upande wa hospitali. Nikamweleza kwamba si mbali, na kwa heshima zote hapa ni nyumbani kwa mtu.

"Hospitali tunaijua," akasema. "Hospitali haikumfukuza nesi wetu. Wewe umemfukuza, basi wewe utazalisha. Chumba kiko wapi?"

Nilitegemea msaada wa mama yako. Alitokea mlangoni, akawatazama wote, akatazama zile ndoo, akasema, "Chumba kipo. Anachoandikia yeye. Na kina meza."

Wewe wakati huo ulikuwa umekwisha kuleta kiti changu, kile chenye mto, ukampa Limi. Kisha ukamuuliza kama mtoto atatoka kabla ya chakula cha mchana au baada, kwa sababu mchele haukuwa mwingi. Limi akacheka mpaka akashika kiuno. Nakukumbusha hili kwa sababu lilikuwa swali la kwanza la maana kuulizwa na mtu wa nyumba hii juu ya habari ile yote, na aliyeliuliza hakuwa na kitambulisho cha uandishi.

Tukawapa chai. Mayu Nkwimba alitia vijiko vinne vya sukari, akakoroga, ndipo akaanza. Kwanza alitaka kujua nani aliniambia kwamba hana sauti. Aliuliza kwa utulivu kabisa, na mwenye duka upande wa pili wa barabara akatoka nje kuangalia kulikoni.

Nikachukua daftari, nikafanya kazi niliyopaswa kuifanya wiki tatu nyuma, yaani nikanyamaza. Nikaambiwa kwamba pampu ya kisima cha zahanati ilikufa kabla ya msimu wa kupanda. Kwamba Nesi Felista alichota maji mwenyewe kwa baiskeli, umbali wa saa nzima kwenda na kurudi, mpaka mgongo ukamshinda. Kwamba aliyemtangulia alizalisha bila kunawa mikono, na watu wakazika, na Felista alipofika akasema katika chumba chake hazaliwi mtu bila maji, hata kama maji hayo yatatoka mbinguni. Kwamba aliandika barua tatu kwa wakubwa wake kuhusu pampu, na nakala zilikuwa kwenye faili lililokuwa hatua sita kutoka pale niliposimama na kinasa sauti changu. Mdomo wake ulikuwa mbaya, hilo walikubali wote. Na Mbuke hakupaswa kurudishwa. Hata nesi mwenyewe alikwenda kumwomba radhi kwao siku ya pili yake, akambebea sabuni. Hilo nalo sikulijua.

"Basi na jogoo," akasema Mbuke. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo.

Nikauliza jogoo gani. Kijiji kilikuwa na sheria ndogo: mwanamke asiyejifungulia zahanati hutozwa faini. Kwa Mbuke hakuna aliyekuwa amejishughulisha, kwani kila mtu alijua ilivyokuwa. Lakini mtendaji wa kijiji alisikia redioni, kwa sauti yangu, jina la Mbuke, la mumewe na la kitongoji, kwamba amezalia njiani. Akaona asipochukua hatua ataonekana mzembe. Hawakuwa na fedha, akachukua jogoo.

Nimeandika habari za mafuriko, za ajali, za uchaguzi. Sijawahi kuona aibu kama niliyoiona juu ya jogoo yule. Nilikuwa nimemtetea mwanamke mpaka akatozwa faini.

Nikamuuliza Mayu Nkwimba, basi mnataka nini.

"Andika," akasema. "Maji. Nesi wetu, yule yule, na mdomo wake. Jogoo."

Nikamwambia nitarusha habari nyingine jioni ile ile, kali kuliko ya kwanza. Akaweka kikombe chini. "Usituseme tena," akasema. "Umetusema vya kutosha. Tupeleke kwa mwenye pampu, tuseme wenyewe."

Hapo ndipo Limi aliposimama kwenye kiti changu, akasema kwa adabu kwamba anafikiri ni kabla ya chakula cha mchana.

Yaliyofuata sitayaeleza kwa urefu kwa sababu sikuonekana vizuri. Pikipiki ilikuwa vipande vipande. Nilikimbia kumwita jirani mwenye pikapu, nikasahau kuvaa viatu. Mama yako na Mayu Nkwimba walimpakia Limi, na Limi akakataa kuondoka bila ndoo yake, kwamba asije akarudishwa. Hospitalini alipokelewa vizuri. Muuguzi wa mlangoni akamuuliza ndoo ya nini, bomba liko pale. Limi alilitazama lile bomba muda mrefu kuliko uchungu ulivyomruhusu. Kabla ya saa saba alizaa mtoto wa kike. Wewe mwenyewe unajua huku kwetu mtoto hupewa jina la kilichotokea: aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Kabula kama wewe. Huyo wakamwita Redio. Mwaka huu yuko kidato cha kwanza. Mwalimu wake aliniuliza kama najua asili ya jina hilo, nikamwambia utamaduni una mambo mengi.

Walilala kwetu siku mbili, wakaumaliza mchele wote, na Jumatatu nikawapeleka kwenye ofisi iliyohusika. Mtu wao pale namwita Ofisa tu, kwa kuwa mpaka leo tukikutana tunasalimiana. Alikuwa na meza kubwa na feni isiyozunguka. Alipoona wanawake wanaingia na ndoo alicheka, akauliza kama wamekuja kufanya usafi.

Mmoja wa wale wajawazito akapiga magoti kuanza kusalimia, akasema wamekuja kuomba msaada. Mayu Nkwimba akamshika bega, akamwinua. Halafu akamwuliza Ofisa kama kwao wanafuga. Ofisa akasema baba yake ana ng'ombe.

"Basi unajua," akasema. "Mimi nikiweka ng'ombe wangu kwenye zizi la mwenzangu anitunzie, yeye anakunywa maziwa, sawa. Siku nikija kumwangalia, siji kumwomba maziwa. Nakuja kuuliza ng'ombe wangu yuko wapi. Au nakosea?"

Ofisa akasema hakosei.

"Ile zahanati ni yetu. Matofali tulifyatua sisi, mimi nilibeba maji ya kuyafyatulia. Tukaiweka kwenu mtutunzie. Nimekuja kuuliza ng'ombe wangu."

Ofisa akaanza kueleza juu ya bajeti na mchakato, na kwamba jambo hilo Serikali inalitambua. Mayu alisikiliza hadi mwisho. Akauliza Serikali inakaa kiti kipi humo ndani, ili ageukie huko. Kulikuwa na viti vitatu na viwili vilikuwa vitupu. Ofisa aliviangalia vile vitupu, halafu akaangalia cha kwake.

Nimehudhuria semina nyingi tangu wakati ule, Kabula. Zina chakula kizuri. Nimejifunza kwamba yupo mwenye haki na yupo mwenye wajibu, kwamba watu washirikishwe katika jambo linalowahusu, kwamba asiachwe mtu, kwamba mwenye mamlaka awajibike. Ni kweli yote, na wewe umesoma kwa undani kuliko mimi. Lakini kila wanapoonyesha michoro yao ukutani mimi naona vile viti vitatu. Ukitaka kujua kama kazi yako inakwenda vizuri, usihesabu mikutano. Angalia kama mtu fulani ameacha kutazama kiti kitupu.

Ofisa aliandika karatasi kwamba pampu itatengenezwa, akaisaini na kuipiga mhuri. Mayu Nkwimba hajui kusoma. Alimpa Limi, aliyefika darasa la saba na aliyekuwa amekuja na Redio wa siku mbili kifuani, akamwambia aisome kwa sauti. Limi akasema hakuna tarehe. Ofisa akaweka tarehe.

Tulipotoka nje nikadhani wataondoka na ndoo zao. Wengine waliondoka nazo. Mayu akaniachia ya kwake, hiyo ya bluu.

"Naiweka kwako," akasema. "Maji yakifika zahanati, nitakuja kuichukua."

Wewe ni Msukuma lakini umekulia mjini, kwa hiyo nitakueleza. Ukiwekewa ng'ombe, si wako. Mwenyewe anaweza kuja siku yoyote, bila taarifa, kumwangalia, na wewe unamwambia ukweli: amezaa, amekonda, anaumwa. Akifa, husemi alipotea. Unapeleka ngozi, mwenyewe aione. Ndivyo nilivyowekewa ndoo.

Nilidhani ni mzaha wa mama mtu mzima. Siku ya mnada wa mjini uliofuata akaja. Akaingia moja kwa moja hadi jikoni, akaikuta ndoo mama yako ameweka unga. Akachungulia ndani, akaniangalia. "Maji?" Nikasema bado. Akasema, "Haya," akanywa chai, vijiko vinne, akaondoka. Mnada mwingine akaja tena. "Maji?" Bado. "Haya." Hakuwahi kunigombeza, na heri angenigombeza. Ikafika mahali siku mbili kabla ya mnada nilikuwa najikuta nimempigia simu Ofisa, si kwa ujasiri wa kiuandishi, ila kwa sababu sikuwa na uso wa kumwambia yule mama "bado" bila walau kueleza bado ya namna gani. Ofisa naye akawa hapokei. Nikaanza kwenda mwenyewe, na siku nyingine nikaenda na ndoo. Alikuwa akiiona inaingia mlangoni anafungua faili kabla sijaketi.

Nesi Felista alikuwa shida ya aina nyingine. Nilimkuta upande wa ziwa, Busega, kwenye zahanati yenye bomba. Alikuwa amenenepa. Nikamweleza kwamba wanawake wanamtaka arudi. Akaniuliza kwa nini arudi, wakati huku ana maji, ana samaki wabichi, na hakuna mwandishi. Nikamwambia nimekosa. Akasema hilo analijua, alilisikia redioni mara tatu.

Kwa muda mrefu nilikuwa nimemweka yeye upande wa wakosaji na kumfungia mlango. Mtu aliyebeba maji ya umma mgongoni mpaka mgongo ukakataa, akaandika barua tatu bila kujibiwa, naye alikuwa anadai haki, na alinyimwa na watu wale wale. Kwenye karatasi yako, ukurasa wa tatu, wahudumu wa afya umewataja mara moja tu, na ni kwa kosa la kutumia lugha chafu. Waongeze. Nenda ukawaulize wanakunywa maji wapi.

Masharti yake yalikuwa matatu: pampu, paa la nyumba ya nesi lililokuwa linavuja juu ya kitanda, na niombe radhi hewani saa ile ile niliyomshutumu. Mkuu wangu wa kituo hakupenda. Alisema itashusha hadhi ya redio. Niliomba radhi kwa dakika mbili na nusu, ambazo ni nyingi kuliko nilizotumia kumshutumu. Nilieleza nilichokosea kwa mpangilio: sikumuuliza nesi, sikuwauliza wanawake, nilitaja jina la Mbuke bila ridhaa yake. Wasikilizaji watatu walipiga simu. Wawili walitaka salamu zao zisomwe. Wa tatu alikuwa mtendaji wa kijiji, akitaka kujua kama nitamtaja na yeye.

Nikamwambia hapana, sisemi mtu tena bila kumuuliza. Lakini mkutano wa kijiji ulikuwa umeshaitishwa, na wanawake hawakuhitaji redio. Walimwomba asimame aeleze ni vipi mtu anatozwa faini ya kutozalia zahanati wakati zahanati ndiyo iliyomrudisha. Alieleza kwa dakika chache, kisha akakaa. Faini ile ilifutwa, na sheria yenyewe ikafuata baadaye. Jogoo alikuwa ameliwa. Mtendaji alirudisha kuku jike. Mbuke alimpokea, naye Mayu Nkwimba akatamka mbele ya mkutano wote kwamba huyu si jogoo, ili ijulikane.

Maji yalifika zahanati miezi kumi na minne baada ya lile lori la pamba. Nesi Felista alirudi mwezi uliofuata, na siku ya kwanza akamfokea mtu. Nilikwenda na kinasa sauti. Sikukitoa mfukoni mpaka nilipomaliza kuwauliza wanawake kama wanataka kusemwa, na nani aseme. Wakamchagua Limi. Nikamshikia kipaza sauti, mkono ukaniuma, sikuongeza neno.

Mnada uliofuata Mayu alikuja. "Maji?" akauliza, ingawa alikuwa ameyanywa asubuhi hiyo. Nikasema yamefika. Mama yako akamwaga unga, akaiosha ndoo, akamkabidhi. Aliigeuza akaikagua chini, akasema ina mkwaruzo ambao haukuwepo. Nikaomba radhi. Nilikuwa nimeshaizoea kazi hiyo.

Nilidhani ndoo na mimi tumeachana. Alhamisi iliyopita, ulipokuwa umekwenda kufuatilia tiketi, nikasikia salamu barabarani. Sauti imepungua, safari hii mwenye duka hakutoka. Amekuja kwa bodaboda, fimbo mkono mmoja na ndoo mkono mwingine. Alikuwa amesikia kwamba mtoto aliyempa Limi kiti amepata kazi Dodoma ya kutetea afya za watu. Akaniuliza kama ni kweli wanakulipa kwa hilo. Nikasema ni kweli. Akafikiri kidogo, akasema yeye alifanya bure na chai.

Nikamsomea karatasi yako, maana uliniruhusu kuonyesha watu. Alisikiliza yote. Pale kwenye wanawake wasio na sauti alicheka, akakohoa, akacheka tena. Hakukasirika. Alisema aliyeiandika ni mtoto mzuri, ila naye ameambukizwa ugonjwa wangu.

Kisha akasukuma ndoo kwa fimbo mpaka miguuni kwangu. Akasema pampu ilikufa tena mwaka juzi, wakaenda ofisini wenyewe, ikatengenezwa kwa mwezi mmoja, na hawakuhitaji kubeba ndoo kwa sababu siku hizi wakionekana tu wanaletewa viti. Kwa hiyo ndoo haina kazi kijijini. Huko unakokwenda yeye hapajui, lakini anadhani vipo viti vitupu.

Kesho stendi mama yako atalia, nami nitashika mizigo, na kondakta atauliza ndoo ya nini. Unaweza kumwambia ni ya mama mmoja wa kijijini. Iweke ofisini mahali unapoiona. Usitie kalamu ndani yake, na usiifanye pambo. Nilimuuliza Mayu kama nikuambie ni zawadi. Akashangaa. Akasema ndoo ni yake, amekuwekea tu, atakuwa ananiuliza kila mnada, na mimi nitakuwa nakupigia simu wewe. Ikipasuka, usiseme imepotea. Ulete vipande.

Baba yako